Ndoa si kibali: jinsi ya kumwongezea muda wa kukaa nchini mkeo, mumeo au ndugu yako

 Leo naomba tuweke pembeni stori za mpira na bei ya gramu, tuongee jambo linalogusa nyumba nyingi sana huku kwetu, kuanzia Kahama, Kakola, Masumbwe, Runzewe, Katoro mpaka Geita mjini, lakini watu hawalisemi kwa sauti.

Naanza na nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa kwenye basi dogo naelekea Kahama. Njiani tukasimamishwa, maafisa wakapanda, wakaanza kuomba vitambulisho siti kwa siti. Siti ya nyuma yangu kulikuwa na jamaa mmoja, mchimbaji, yuko na mke wake na mtoto mchanga. Jamaa akatoa kitambulisho cha Taifa. Mke akatoa cheti cha ndoa cha kanisani, kimekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Afisa akakisoma chote, akamrudishia, akauliza: "Kibali chako kiko wapi?" Jamaa akaja juu: "Afande, huyu ni mke wangu wa ndoa!" Afisa wala hakukasirika. Akamjibu: "Sijakataa kwamba ni mkeo. Nimeuliza kibali."

Wakashushwa wote watatu. Basi likaondoka.

Dada yule alikuwa ametoka Burundi miaka minne nyuma. Aliingia kwa karatasi ya muda, ikaisha, wakaona haina haja kwa sababu wameshaoana. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile waliambiwa waende ofisini kuripoti, ila hawakwenda. Waliogopa. Tangu hapo yule dada hatoki. Sokoni haendi. Mimba ya pili ilipofika hata kliniki alikuwa anakwenda kwa kuvizia. Mtu ana mume, ana watoto, ana nyumba, lakini anaishi kama amejificha.

Kilichoniuma ni kwamba wangeweza kuwa na karatasi halali. Njia ipo. Hawakuijua. Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika hii. Mimi si mwanasheria, nimeishia fomu foo, lakini kusoma najua na kuuliza siogopi.

KWA NINI HASA HUKU KWETU

Dhahabu haina kwao. Watu wanaifuata kutoka kila pembe. Barabara inayotoka Rusumo (mpaka wa Rwanda) na ile ya Kabanga (mpaka wa Burundi) zinakutana na kushuka Nyakanazi, Runzewe, Masumbwe mpaka Kahama na Isaka. Madereva wa malori, wafanyabiashara wa mchele, mafundi, walimu wa shule za binafsi kutoka Kenya na Uganda, mainjinia wa migodi mikubwa kama Bulyanhulu na Geita, wote wanapita au wanakaa hapa. Wakikaa, wanaoa na kuolewa. Ndiyo binadamu.

Sasa wakubwa wanakumbuka 2013. Mwishoni mwa Julai mwaka ule Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wanaoishi nchini bila vibali waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondolewa. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch liliandika jinsi familia zilivyotenganishwa, baba huku, mama na watoto kule. Wengi walikuwa wameishi hapa miaka mingi, wengine wamezeeka hapa. Lakini mbele ya afisa swali lilikuwa lile lile la kwenye basi: kibali kiko wapi?

Kwa hiyo mdau, somo la kwanza liweke kichwani: NDOA SI KIBALI. Ndoa ni sababu ya kuomba kibali. Mtoto pia si kibali. Kukaa miaka 20 pia si kibali. Vyote hivyo ni sababu, na sababu lazima uipeleke ofisini ikageuzwe kuwa karatasi yenye tarehe.

MANENO MATANO YANAYOCHANGANYA WATU

Wengi wanasema "viza yangu inaisha" wakati kinachoisha si viza. Tuyatenganishe.

1. Viza. Hii ni ruhusa ya kuja mpaka mlangoni. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza kuingia Tanzania. Wa nchi nyingine wengi wanahitaji, na siku hizi wanaweza kuomba kwa intaneti kwenye tovuti ya Uhamiaji.

2. Hati ya matembezi. Huu ndio ule muhuri unaogongwa kwenye paspoti mpakani. Muhuri ndio unaosema unakaa siku ngapi. Viza inaweza kuwa bado nzima huku siku za muhuri zimeisha, na hapo tayari una kosa. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, zinasema raia wa nchi mwanachama apewe hati ya kuingia na kukaa hadi miezi 6 bila kulipia, na mwenye sababu ya kukaa zaidi anaweza kuomba kuongezewa. Lakini usikariri "miezi 6". Soma muhuri wako wewe. Kama umeandikiwa siku 30, una siku 30.

3. Hati ya mfuasi. Wengine wanaiita hati ya mtegemezi. Hii ndiyo karatasi ya familia. Inampa mke, mume, mtoto au ndugu anayekutegemea ruhusa ya kukaa nchini kwa sababu yako wewe. Wewe unaitwa mwenyeji wake.

4. Kibali cha ukaazi. Hiki ni cha mtu anayesimama kwa miguu yake mwenyewe. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja B la walioajiriwa, Daraja C la wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari.

5. Uraia. Huku umeacha kabisa kuwa mgeni. Tutaufikia chini.

Kwa hiyo familia nyingi huku kwetu zinatakiwa kutoka namba 2 kwenda namba 3, kabla muhuri wa namba 2 haujaisha. Ni hatua moja tu, ila ndiyo inayowashinda watu.

JIULIZE KWANZA: MWENYEJI NI NANI?

Hati ya mfuasi imefungwa kwa mtu, kama ndama kwa kamba. Kwa hiyo kabla ya fomu, jua kamba imefungwa wapi.

Mwenyeji ni Mtanzania. Mfano mchimbaji wa Nyarugusu ameoa dada wa Uganda, au dada wa Ushirombo ameolewa na Mrundi. Hapa utathibitisha mambo mawili: kwamba wewe mwenyeji ni raia, na kwamba huyu ni mwenzi wako kweli.

Mwenyeji ni mgeni mwenye kibali. Mfano mwalimu Mkenya anayefundisha Kahama kwa kibali cha Daraja B, anataka mke na watoto wahamie. Mkataba wa Soko la Pamoja unampa mfanyakazi haki ya kuambatana na mwenzi wake na watoto. Lakini sikiliza vizuri: hati zao zinafuata kibali chake. Kibali hutolewa kwa muda, kwa kawaida kisichozidi miaka 2 kwa mara moja. Chake kikiisha au akiachishwa kazi, za familia nzima zinakufa pamoja nacho. Walipofunga mgodi wa Buzwagi mwaka 2021 mtu angeweza kufikiri kilichoisha ni ajira tu. Kwa mgeni aliyekuja na familia, ajira ikiisha na saa ya familia inaanza kuhesabu.

Mwenyeji ana mzazi au ndugu. Mama mzee anayetunzwa na mwanae, au ndugu mwenye ulemavu asiyeweza kujitegemea, wanaweza kuombewa kama wategemezi kwa sababu kweli wanategemea. Lakini shemeji wa miaka 25 mwenye nguvu zake aliyekuja "kutafuta maisha" hawi mfuasi kwa sababu tu analala sebuleni kwako. Huyo atafute kibali chake mwenyewe.

KARATASI ZA KUANDAA

Maombi siku hizi yanaanzia kwenye mfumo wa vibali katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji (immigration.go.tz). Unajaza, unapakia nyaraka, mfumo unakupa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Kwa hiyo hata hapa kafe inawezekana, skana ipo. Ukikwama nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au mkoa. Zinazohitajika kwa kawaida ni hizi:

- Barua ya mwenyeji kwenda kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji. Eleza wewe ni nani, unamwombea nani, ni nani yako, mnaishi wapi na unamtunza kwa nini. Ukurasa mmoja unatosha.
- Paspoti ya mgeni ambayo bado ni hai. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Waliingia kwa karatasi ya muda ya mpakani na paspoti hawana. Anza na hilo kwanza kupitia ubalozi wa nchi yake.
- Nakala ya ukurasa wenye muhuri wa kuingilia.
- Picha ndogo za paspoti.
- Cheti cha ndoa kwa mwenzi, au cheti cha kuzaliwa kwa mtoto.
- Uthibitisho wa mwenyeji: cheti cha kuzaliwa, paspoti au kitambulisho cha Taifa kama ni raia. Kama ni mgeni, nakala ya kibali chake.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa mnakoishi.

Ada sitazitaja kwa makusudi, kwa sababu zinabadilishwa na zinategemea mwombaji ni nani. Kiasi halali ni kile kinachotoka kwenye kontroo namba. Mtu akikutajia bei akiwa kijiweni bila kontroo namba wala risiti, huyo ni kishoka. Kimbia.

CHETI CHA NDOA NDIYO KIZINGITI

Huku machimboni tunajuana. Watu wengi "wamechukuana" tu. Mwaka wa tano, watoto wawili, karatasi hakuna. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume, inachukuliwa kwamba wameoana. Watu wanaisikia hiyo wanatulia. Msitulie! Hiyo ni dhana ambayo mtu anaweza kuipinga, na inafanya kazi zaidi mahakamani, kwa mfano mkigombania mali au matunzo. Haikupi cheti. Na fomu inaomba cheti.

Dawa ni ndogo. Ndoa ya kiserikali mnafunga kwa mkuu wa wilaya, mnatoa taarifa siku 21 kabla. Ndoa ya kimila, kama ng'ombe zilitoka na wazee wanajua, nayo inasajiliwa, usidhani sheria haiitambui. Ya kanisani au msikitini hakikisha kiongozi aliyefungisha ana leseni na mmepewa cheti cha serikali. Kipande cha "mmebarikiwa" chenye picha ya njiwa ni kizuri ukutani, ofisini hakisaidii.

TAREHE NDIYO KILA KITU

Hapa naomba msome taratibu.

Ukienda ofisini siku zako bado zipo, wewe ni mwombaji. Ukienda siku zimeisha, wewe ni mkosaji anayeomba. Karatasi ni zile zile, familia ni ile ile, lakini umekaa upande mwingine wa meza. Kukaa bila hati halali ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote, na kuondolewa nchini. Hata wewe mwenyeji unayemficha una kosa lako.

Kwa hiyo fanya hesabu kurudi nyuma. Muhuri unaisha Juni 30? Anza Aprili. Cheti kinachukua muda, paspoti inachukua muda, barua ya kijiji mtendaji kasafiri, mtandao nao uko chini. Mwezi unaisha kama utani. Na hati ya mfuasi ukishaipata, andika tarehe ya mwisho ukutani, kwa sababu nayo inahuishwa. Wengi wanapigana kuipata ya kwanza, wakishaipata wanaisahau kabatini mpaka siku ya basi.

Kama maombi yako yako ndani na muhuri unakaribia kuisha, usikae nyumbani ukisubiri simu. Rudi ofisini na namba ya maombi uulize hati maalumu. Hii ni hati ya muda mfupi anayopewa mgeni aliyeko nchini ili akamilishe taratibu zake. Lakini uombe wewe, hawataileta nyumbani.

Na kama tarehe imeshapita? Najua wapo mnaosoma hapa moyo unadunda. Ukweli ni kwamba kila siku inayoongezeka inaongeza uzito. Aliyejipeleka mwenyewe na karatasi zake, mume au mke wake pembeni, ana maelezo. Aliyekutwa kwenye basi hana. Kabla hujaenda tafuta msaidizi wa kisheria. Wapo waliosajiliwa wilayani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawatakiwi kukutoza fedha. Nenda naye.

KUFANYA KAZI NI JAMBO LINGINE

Hati ya mfuasi inakuruhusu kukaa, haikuruhusu kufanya kazi. Mke wa mwalimu akipata ajira Kahama, anahitaji kibali chake cha kazi na cha ukaazi, si kile cha mume.

Na hapa kuna jambo jipya ambalo limewakuta wengi. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Isome kwa jicho la mtu wa Katoro: ndani yake kuna uchimbaji mdogo wa madini, saluni (isipokuwa za hotelini au za kitalii), uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, biashara ya jumla na rejareja (ukitoa supamaketi) na kununua mazao shambani. Yaani karibu kila kitu ambacho shemeji yetu kutoka Bujumbura au Mbarara angefanya kusaidia nyumba. Faini kwa mgeni inaanzia shilingi milioni 10, au kifungo hadi miezi 6, na viza au kibali kinaweza kufutwa. Mtanzania anayemsaidia kufanya hivyo naye faini ni milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kenya walilalamika kwamba inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Mabishano hayo waachie wakubwa. Wewe usimfungulie mkeo saluni ukadhani ndoa inamlinda.

Kuhusu leseni ndogo ya uchimbaji, hiyo toka Sheria ya Madini ya 2010 ni ya Watanzania. Kumwandikisha mume mgeni kwa jina la mke ili achimbe yeye ni kujitafutia soo.

MKE NA MUME HAWAKO SAWA

Hapa patawakera dada zangu, na mimi pananikera.

Sheria ya Uraia ya 1995 inasema mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anapanga foleni ya kawaida kama mgeni yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi 12 awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mzuri, na mengineyo. Na miaka hiyo uishi kihalali. Jirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010 inampa haki ya kuomba mtu yeyote, mume au mke, akishatimiza miaka 7 ya ndoa na raia. Sisi bado.

Kwa hiyo dada wa Masumbwe uliyeolewa na Mrundi, hati ya mfuasi ya mumeo itunze kama mboni ya jicho, kwa sababu ndiyo itakayombeba miaka mingi.

Na kwa dada mgeni uliyeolewa huku, rudi usome maneno yale: MUME AKIWA HAI. Mimi nimezaliwa huku, najua mashimo yanavyokula watu. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia nzima ilishangaa. Agosti 2025 pale Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa na kifusi. Mume akifa, mlango ule wa uraia kwa ndoa unafungwa, na hati ya mfuasi nayo imepoteza mtu iliyofungwa kwake. Mjane anabaki na watoto Watanzania, msiba, na swali la kibali, vyote kwa mpigo. Kama mmeshaamua kwamba Tanzania ndiyo nyumbani, msiseme "tutaomba mwakani". Ila jueni pia kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo anayepewa wa kwetu anaukana wa kwao. Hilo mkae chini mliongee kama familia, si jambo la siku moja.

WATOTO WAKO SI WAGENI

Mtoto ambaye baba au mama ni Mtanzania ni Mtanzania. Haijalishi mzazi wa pili katoka wapi, na haijalishi kama muhuri wa mama umeisha. Usimwombee kibali, usimlipie chochote cha ugeni. Unachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA chenye majina ya wazazi wote wawili. Kuna wazazi wanaogopa kumwandikisha mtoto kwa sababu mama hana karatasi. Wanamwadhibu mtoto. Akifika umri wa kitambulisho cha Taifa ataulizwa cheti, atakosa, na raia halali atageuka mtu wa kuhojiwa.

Jambo jingine, si kila mwenye jina la Kirundi ni mgeni. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, wengi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hao na watoto wao ni Watanzania kama mimi. Tuache kuitana "Mrundi" kwa kunong'ona halafu simu inapigwa kwa mtendaji. Na ambao bado ni wakimbizi wa kambini, utaratibu wao ni mwingine kabisa, uko Idara ya Wakimbizi, kwa hiyo haya ya hati ya mfuasi wasiyachanganye na yao.

MAMBO YANAYOPONZA WATU

- Kudhani barua ya mtendaji ni kibali. Inakutambulisha tu.
- Kudhani laini ya simu iliyosajiliwa ni kibali. Mgeni anasajili laini kwa paspoti, haimwongezei hata siku moja ya kukaa.
- Kujiandikisha kitambulisho cha Taifa au cha mpiga kura kwa kudanganya kwamba umezaliwa Kibondo. Hili ni kosa la jinai, na siku utakapoomba uraia kwa haki, uongo ule ndio utakaokufunga. NIDA wana kitambulisho cha mgeni mkaazi, omba hicho baada ya kupata hati yako.
- Kutoka mpakani na kurudi siku hiyo hiyo ili upate muhuri mpya. Mara ya kwanza inaweza kupita, mara ya tatu afisa anafungua paspoti anahesabu mihuri. Anaweza kukukatalia kuingia, na watoto wako huku.
- Njia za panya. Ukipita porini hauna muhuri kabisa, kwa hiyo hakuna hata cha kuongeza muda.
- Kuficha kwamba mmeachana. Ndoa ikivunjika, sababu ya hati imeondoka. Nenda katoe taarifa mapema uulize njia nyingine.

MWISHO

Nimemtafuta yule jamaa wa kwenye basi. Nimemchapishia ukurasa wa nyaraka nikampelekea. Cheti cha ndoa wanacho, hilo wamebahatika. Paspoti hawana, na siku zimepita miaka. Nilimwambia ukweli, haitakuwa rahisi na sijui wataamuliwa nini. Akauliza, "Kwa hiyo niendelee kumficha?" Nikamuuliza, mpaka lini? Huyo wa pili akizaliwa naye ataanza shule, mama hataweza hata kwenda kikao cha wazazi. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza ofisi ya msaidizi wa kisheria inafunguliwa saa ngapi.

Wewe ambaye muhuri wako bado una siku, una bahati ambayo yeye hana. Leo ukitoka hapa kafe nenda nyumbani, fungua paspoti ya mkeo au mumeo, soma tarehe. Kisha hesabu kurudi nyuma.

Mwenye uzoefu wa kuomba hati ya mfuasi hapa Geita, Kahama au Shinyanga mjini atuandikie hapo chini ilichukua muda gani na alikwama wapi. Majina msiweke. Kuna mtu atasoma na itamsaidia.